Ngazi ya Uani

Kule kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Tahadhari, na jina lilimkaa kana kwamba fundi cherehani alimpima kabla ya kulishona. Kilikuwa kiwanda cha sufuria. Bati la alumini linaingia upande mmoja likiwa tambarare, linatoka upande wa pili likiwa sufuria, na katikati kuna mashine ambazo hazijui tofauti ya bati na mkono wa mtu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tofauti hiyo inajulikana. Alipita baina ya mashine na kofia yake ngumu ya njano, shingo mbele, akitafuta buti lisilofungwa, glavu iliyotoboka, waya uliochubuka. Ukimwona anakuja, unajikagua mwenyewe kabla hajakukagua. Vijana walimcheka kisogoni, maana hata kikombe cha chai kilichokaa ukingoni mwa meza alikuwa anakisogeza katikati, awe anamjua mwenye meza au hamjui. Lakini jioni walirudi kwao na vidole vyao vyote, na mtu mwenye vidole vyote ana haki ya kucheka.

Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wote. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi walikusanyika mlangoni, naye aliuliza swali lile lile: "Kimebadilika nini?" Aliyegusa chochote tangu jana, hata kama amekaza skrubu tu, alitakiwa kusema mbele ya wenzake. Swali hilo lilianzia kwenye damu. Kanyagio la mashine moja ya kubonyeza sufuria lilikuwa gumu, na mama aliyelitumia alizoea kulikanyaga kwa uzito wake wote. Fundi mmoja mwema, nami nasema mwema kwa makusudi, akalitia mafuta jioni, akaenda zake bila kumwambia mtu. Asubuhi mama wa watu akakanyaga kama alivyozoea, na mashine ikashuka mkono wake ukiwa bado ndani. Tangu siku ile Bwana Tahadhari hakuacha kuwaimbia: "Kitu kibovu mlichokizoea kina hatari yake. Kitu kizima msichokizoea kina hatari zaidi. Semeni!" Nao walisema.

Hayo ya kiwandani. Sasa twende nyumbani kwake, maana huko ndiko mambo yalikoharibika.

Mganga hajigangi. Nyumba ya Bwana Tahadhari ilikuwa nyumba yenye masharti. Swichi ya sebuleni iliwaka ukiibonyeza pembeni, na ukiibonyeza katikati ilikutolea cheche. Kigae cha mlangoni mwa bafu kilicheza. Mlango wa jikoni wa kutokea uani ulikuwa umevimba kwa mvua za miaka mingi, haufunguki mpaka uunyanyue kidogo kwa kitasa kisha uusukume kwa bega, tena bega la kweli, si la adabu. Na nje ya mlango huo kulikuwa na ngazi ya kushukia uani, vidato vitatu ambavyo havikufanana hata kidogo, utadhani kila kimoja kilijengwa na fundi aliyekuwa hasemezani na mwenzake. Mgeni alihitaji kufundishwa nyumba ile kabla ya kuachwa peke yake.

"Nitaitengeneza," alisema Bwana Tahadhari. Mvua zikiisha. Mvua zikaisha, akasema nikipata likizo. Likizo ikaja, kiwanda kikamwita siku ya pili yake, naye akaenda mbio huku kofia iko kwapani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini aliyekuwa anaumia si yeye.

Bwana Tahadhari alimwita mkewe Bi Mdogo, ingawa hakuwahi kuoa mwingine. Watu wakiuliza Bi Mkubwa yuko wapi, mkewe ndiye aliyewajibu: "Bi Mkubwa ni kiwanda. Huko ndiko anakoacha akili yake. Mimi naletewa mwili uliochoka." Watu walicheka, na Bwana Tahadhari alicheka kuwashinda wote, kwa sababu alijua ni kweli.

Alikuwa anampenda. Hilo niliseme mapema lisije likatiliwa shaka baadaye. Alimpenda tangu wakiwa vijana, na mkewe alipoanza kupoteza macho alimpenda kwa woga. Daktari alisema ni presha ya macho. Mwanga ulimfifia kutoka pembeni kuja katikati, polepole, mpaka Bi Mdogo akabaki na kiasi cha kujua kwamba hapa pana dirisha na pale pana mtu. Lakini ndani ya nyumba yake hungejua. Alipika, alifagia, alifua, alianika. Hakupapasa ukuta. Alikwenda moja kwa moja kama mtu anayeona, na jirani zake walikuwa wakiapa kwamba anawadanganya.

"Macho yameondoka, miguu imebaki," alikuwa akisema. "Nyumba hii naijua kwa nyayo. Nipelekeni kwingine kokote nitakuwa kipofu. Hapa mimi si kipofu, mimi ni mwenye nyumba."

Binti yao, mtoto wao pekee, alikuwa amepanga mji mwingine na mumewe. Alipokuja kuwasalimu safari ile, alimfuata mama yake jikoni, akamwona ananyanyua kitasa, anapiga mlango bega, anatokeza nje na beseni la nguo kiunoni, na kushuka vidato vile vitatu, kimoja kimemegeka, bila kitu cha kushika. Hakusema kitu mbele ya mama. Alimngoja baba yake arudi kazini, akamkalisha kitako.

"Baba, kule kazini mtu akipanda ngazi bila kushika, unamfanya nini?"

"Namrudisha nyumbani siku hiyo hiyo."

"Na mama?"

Bwana Tahadhari akautazama mlango wa jikoni. Uso ulimshuka.

"Sikulaumu," binti alisema, ingawa alikuwa anamlaumu na wote wawili walijua. "Lakini mama siku moja atavunjika pale, kidato kimemegeka na hakuna cha kushika. Mwisho wa mwezi nina miadi yake kwa daktari wa macho kule kwetu. Nitamchukua, atakaa nami kidogo. Nikimrudisha nikute nyumba hii mtu anaweza kuishi. La sivyo narudi naye, anakaa kwangu moja kwa moja."

"Mama yako hawezi kuishi kwako. Atakuwa kipofu kule."

"Bora kipofu mzima kuliko mwenye nyumba aliyekufa, baba."

Maneno hayo yalimwingia. Alijua binti yake hatanii, na alijua yuko sahihi. Kuishi bila Bi Mdogo hakukuwahi kumpitia kichwani, hata kwa bahati mbaya. Alikuwa mtu wa kurudi nyumbani na kukuta sauti yake jikoni, basi, hayo ndiyo maisha yake. Asubuhi yake alikwenda ofisini akaomba likizo, akakizima kisimu chake cha kazini, akakifungia kabatini. Kule kiwandani walifikiri anaumwa.

Bi Mdogo alipoondoka tu na binti yake, Bwana Tahadhari alimwita mwashi jirani, mzee mwenzake waliyemwita Fundi Pima kwa sababu hakuweza kupita karibu na ukuta bila kuupima kwa jicho. Wakaivaa kazi. Swichi zote zikang'olewa zikawekwa mpya. Kigae cha bafuni kikabanduliwa na sakafu nzima ikawekwa vigae vya kukwaruza, visivyoteleza hata ukivimwagia sabuni. Mlango wa jikoni ukavuliwa bawaba, ukapigwa randa mpaka ukawa unafunguka kwa kidole. Bwana Tahadhari aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, akicheka peke yake. "Miaka yote ile," alisema, "kumbe ni kazi ya asubuhi moja."

Kisha wakaivamia ngazi. Fundi Pima aliinama akaitazama kwa dharau ya fundi anayetazama kazi ya mwenzake.

"Nani alijenga balaa hili?"

"Lilikuwepo tuliponunua nyumba. Vunja."

Wakavunja. Badala yake wakajenga vidato vinne vipana, vifupi, vyenye kimo kimoja, vikiwa na michirizi ya kuzuia kuteleza, na upande wa kulia wakasimamisha bomba la kushikilia, zito, lililochimbiwa chini kwa zege. Bwana Tahadhari alilitikisa kwa nguvu zake zote lisitikisike. Angeweza kuwaleta wakaguzi wa dunia nzima wasione kosa.

"Mama akishuka hapa atadhani bado yuko sebuleni," alisema Fundi Pima, akikosha mwiko wake. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Ameshaambiwa lakini?"

Bwana Tahadhari akamkonyeza. "Nataka aje ajionee mwenyewe. Miaka yote ananiomba, miaka yote namjibu kesho. Leo nataka nimshike mkono, nimtembeze chumba kwa chumba, nisiseme neno, nimwone tu uso wake."

Na binti alipopiga simu kuuliza, alimwambia yamekwisha, kila kitu kimekwisha, ila asimtobolee mama siri. Binti akafurahi, akaahidi. Hata sauti yake ilirudi kuwa ya mtoto.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mtu anapenda kumtupia mwenziwe methali hiyo. Mimi sina ugomvi nayo. Ila wahenga hawakutuambia la kufanya na mtu aliyezoea kupitisha mkono kwenye ufa.

Walifika alasiri. Bwana Tahadhari alikuwa amevaa shati la kutokea, nyumba imefagiliwa, maji ya chai yako jikoni. Alimpokea mkewe getini, akamwona amechangamka, maana daktari alikuwa amemwambia mwanga uliobaki unaweza kushikiliwa kwa dawa. Binti alikuwa nyuma yake na mabegi.

"Bi Mdogo, karibu kwako," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha ya siri. "Kaa kwanza. Nina jambo nataka kukuonyesha."

"Unionyeshe! Na macho gani?" Akacheka. "Ngoja kwanza nikanawe vumbi la njiani kule uani. Halafu unionyeshe."

"Nikushike mkono."

"Niache, bwana. Wiki nzima nimeshikwa mkono kama mtoto. Niko kwangu."

Ndivyo alivyosema, niko kwangu, na akaivuka sebule na ushungi wake begani. Bwana Tahadhari alimwacha aende kwa sababu alikuwa anamtazama kwa mapenzi. Aligeuka kidogo kumpokea binti begi. Lilikuwa begi zito, na binti alikuwa anamwambia jambo kuhusu dawa, kwamba matone ya asubuhi yasichanganywe na ya jioni.

Kule jikoni Bi Mdogo alinyanyua kitasa, akaupiga mlango bega.

Mlango haukuwa na habari naye. Ulifunguka kama pazia, na bega lake likaenda na hewa, na mwili ukalifuata bega. Mguu wake ulitafuta kile kidato cha kwanza mahali kilipokuwa siku zote, chini sana, ukakigonga kidato kigeni kilichokuwa juu, kabla ya wakati wake. Mguu wa pili ukatafuta cha pili, nao haukukuta ulichokijua. Bomba la kushikilia lilikuwepo pale pale, kuliani kwake, karibu kabisa na mkono. Hakuunyosha mkono. Kwa nini aunyoshe? Hakujawahi kuwa na kitu pale.

Walisikia beseni la bati likiangukiwa na mtu. Kisha hawakusikia chochote.

Bwana Tahadhari alikuwa amewahi kukimbilia ajali nyingi, na aliwafundisha watu wengi namna ya kukimbilia ajali: usipige kelele, usimwinue majeruhi, tazama kwanza hatari yenyewe imeondoka. Siku ile alipiga kelele. Alimkuta amelala ubavu uani, mguu mmoja umegeukia upande usio wake, na uso wake umejaa mshangao zaidi ya maumivu. Alikuwa anapapasa kidato cha chini kwa vidole, akipita juu ya michirizi ile mipya, akirudia tena.

"Hapa ni wapi?" aliuliza. "Mmenileta wapi?"

Ilikuwa nyonga. Daktari alieleza kwa upole kwamba mifupa ya umri ule haina haraka ya kuunga, na kwamba watamfanyia upasuaji, na kwamba mengine yatategemea yeye mwenyewe. Binti hakumfokea baba yake. Laiti angemfokea. Alikaa naye kwenye benchi la korido, akamletea maji ya kunywa, akamwita baba kama kawaida, na kila alipomwita baba, Bwana Tahadhari alitamani ardhi ipasuke.

Lilimjia pale pale kwenye benchi, lote kwa mara moja. Kanyagio. Fundi mwema na kopo lake la mafuta. Alimfukuza kazi kwa mdomo wake mwenyewe fundi yule aliyetia mafuta akanyamaza, na alimhubiria kwa ukali mbele ya watu mpaka akalia. Akainamisha kichwa magotini. Binti alidhani anasali.

Bi Mdogo alipozinduka vizuri, mumewe alimweleza yote. Alimweleza mlango, swichi, vigae, ngazi, bomba. Alijisema kama mtu anayemshtaki mtu mwingine, hakuacha kitu. "Kila siku nawauliza watu, kila siku ya Mungu," alisema, "na wewe sikukuambia. Nilitaka nikufurahishe."

Mkewe alimtafuta mkono, akaupata. "Kwa hiyo mlango hausukumwi tena?"

"Unafunguka kwa kidole."

"Alhamdulillahi," akasema, na akajaribu kucheka, kicheko kikakatwa na maumivu. "Bi Mkubwa atanionea wivu mwaka huu. Umefanya kazi ya nyumbani." Halafu machozi yakamtoka pembeni mwa macho yasiyoona, yakaingia masikioni, na Bwana Tahadhari akayafuta kwa kiganja, akalia naye. Mkewe hakumsamehe kwa maneno, kwa sababu hakuona cha kusamehe. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Likizo ilipokwisha alirudi kazini. Habari ilikuwa imeshamtangulia. Asubuhi wafanyakazi walijikusanya mlangoni kama kawaida, wakasimama kimya wakimngoja. Alifungua mdomo, neno halikutoka. Alisimama hivyo mpaka mmoja wao akajitolea, akasema taa ya stoo imehamishwa, na mwingine akasema yeye amebadilisha mkanda wa mashine ya kukatia, wakaendelea hivyo, mmoja mmoja, bila kuulizwa, kwa heshima ya msibani. Akawashukuru kwa kichwa.

Yule mama wa kanyagio siku hizi alifanya kazi stoo, akihesabu mifuniko kwa mkono uliobaki mzima. Mchana alimfuata Bwana Tahadhari alipokuwa amekaa peke yake nyuma ya jengo.

"Pole na mgonjwa, baba."

"Nimeshapoa."

Akakaa kando yake, akajifuta jasho. "Yule fundi aliyetia mafuta, mlimfukuza. Hakuwahi kuja kunitazama."

"Aliona haya."

"Najua. Nilikuwa namngoja. Nilitaka nimwambie kwamba mafuta yale niliyaomba mimi. Goti lilikuwa linaniuma na lile kanyagio, nikamwomba, nikamwomba, kila siku ananiambia kesho. Siku aliyonikubalia nilikuwa nimeshaondoka kwenda nyumbani." Aliutazama mkono wake ulioumia. "Nilitaka nimwambie kwamba alinisikia, ila alichelewa kwa siku moja na neno moja. Sijui kama ingemsaidia."

Bwana Tahadhari hakujua pia. Alimshika mama yule bega, wakakaa hivyo mpaka king'ora cha kurudi kazini kikalia.

Bi Mdogo alitoka hospitali na magongo. Bwana Tahadhari alikuwa ameandaa kitanda sebuleni, amesogeza viti vyote, ameomba kupewa zamu fupi. Lakini gari lilipofika hospitali kumchukua lilikuwa gari la mkwe wake, na nguo za Bi Mdogo zilikuwa zimeshafungwa. Alimgeukia binti yake. Binti akatazama chini.

"Si yeye," Bi Mdogo alisema kutoka kitini. "Ni mimi."

"Mama watoto, nyumba sasa ni salama. Nakuapia. Nitakufundisha kidato kwa kidato, nitakaa na wewe..."

"Najua ni salama."

"Basi kwa nini?"

Alifikiri jibu lake. Alikuwa mwanamke asiyependa kusema jambo kwa ovyo. "Kwa sababu kule kwa mtoto najua mimi ni kipofu. Nitashikwa mkono, nitakaa nitulie. Kwako nitasahau. Nitaamka asubuhi na miguu itanidanganya kwamba naijua nyumba, na sitaijua. Siwezi kuanguka tena, baba. Naogopa. Hata hapa nilipoketi, sakafu tambarare hii, naogopa kuweka mguu chini."

Hakuwahi kumsikia akisema naogopa, tangu siku aliyomjua. Akampakia garini kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga mkanda, akakagua mlango wa gari kama umefungwa vizuri, akaukagua tena. Gari likaondoka.

Siku ya mapumziko iliyofuata Bwana Tahadhari alichukua nyundo kubwa, akatoka uani, akaanza kuvunja ngazi mpya.

Alikuwa ameshaamua. Atarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ataijenga ngazi ile ile, mbovu vile vile, ili miguu ya mkewe iikute na imwamini. Atautia mlango maji mpaka uvimbe ikibidi. Kichaa? Ndiyo, kichaa, na mimi sitamtetea, ila ningependa kumwona mtu mwenye akili timamu ndani ya nyumba isiyo na sauti jikoni. Alivunja kwa hasira na kwa matumaini, vumbi likimjaa nyusi. Fundi Pima alichungulia juu ya ukuta, akaona, akarudi kwake bila kusalimia.

Alipofika kwenye udongo mtupu, akachanganya saruji, akaweka tofali la kwanza. Halafu akasimama.

Kidato cha kwanza kilikuwa na kimo gani?

Alifumba macho akajaribu kukiona. Kilikuwa kirefu, nadhani. Au kirefu kilikuwa cha pili? Kulikuwa na mahali pamemegeka, hilo alilikumbuka, binti yake alilisema. Kushoto au kulia? Alikuwa ameishuka ngazi ile miaka yote ya ndoa yake, asubuhi na jioni, akiwa na macho mawili mazima ambayo huko kazini yaliona ufa wa unywele. Aliita juu ya ukuta. "Mwenzangu, ile ngazi ya zamani ilikuwaje?" Fundi Pima akajibu kwa huzuni, "Mimi nilikuja kuvunja tu, mzee. Sikuipima."

Akafuta mikono kwenye suruali, akapiga simu. Binti akapokea, akampelekea mama yake.

"Bi Mdogo," alisema, "ile ngazi ya zamani. Cha kwanza kilikuwa kirefu au cha pili?"

Alisikia pumzi yake tu.

"Unafanya nini, baba?" mkewe aliuliza.

"Naijenga upya. Kama ilivyokuwa. Uje."

Mkewe akaanza kumwambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Cha kwanza kilikuwa kirefu, unashuka huku kiganja kiko kwenye fremu ya mlango. Cha pili kilimegeka upande wa kushoto, kwa hiyo unatanguliza kisigino, si vidole. Cha tatu kilikuwa laini kama sabuni, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akisugulia sufuria tangu binti yao hajazaliwa, na ukisikia ule ulaini unajua umefika chini. Alimwambia pia kwamba chini ya cha tatu kulikuwa na uwazi mdogo ambamo upepo ulipita, na asubuhi za baridi aliuhisi kwenye kifundo cha mguu.

Bwana Tahadhari alisikiliza amesimama, simu imebanwa sikioni, saruji ikianza kukauka kwenye karai. Hakuwa amejua hata moja.

"Nimeshika," alisema. "Kirefu, kimemegeka kushoto, laini. Nitaifanya hivyo hivyo. Utakuja?"

"Usiijenge, mume wangu."

"Naweza. Nimeshika yote."

"Najua unaweza." Alisema kwa upole mno, kama anayemvua mtu mzigo asijue. "Huku kwa mtoto kuna kizingiti kimoja tu, kati ya chumba changu na ukumbi. Nikitoka kitandani nahesabu mpaka nikanyage ukingo wa zulia, halafu nainua mguu. Jana nilipita bila kumwita mtu."

Bwana Tahadhari akakaa chini, pale pale kwenye kifusi.

"Nimeshaanza kuijua ya huku," mkewe alisema.

Akataka kusema amefurahi, kwa sababu ndivyo anavyotakiwa kusema mtu anayempenda mtu. Akasema. Na baada ya kuagana alibaki amekaa uani, mkono wake umetulia juu ya udongo mahali ngazi ilipokuwa, mpaka saruji yote ikaganda.